Niliwaonyesha Taa za Chiang Mai, Kikombe Changu Kikahama

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na sita, ni mwalimu wa Kiingereza, na nimechoka. Siandiki ili mnionee huruma. Huruma nimeshapewa nyingi sana hapa Biharamulo mjini, kwenye foleni ya maji, sokoni, hata kanisani... mpaka sasa naitambua kwa mbali, namna mtu anavyoinamisha kichwa kabla hajanisalimia. Naandika kwa sababu najua wapo wenzangu wengi ambao leo hii wako nchi za watu, na kila jioni wanashika simu kuwaonyesha wa nyumbani jinsi mambo yalivyo mazuri huko. Mimi nilikuwa hodari wa kuonyesha. Laiti ningekuwa hodari wa kuangalia!

Nilizaliwa Nyarubungo, hapa hapa wilayani Biharamulo, kwa wazazi wakulima wa mihogo na mahindi. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikapata kazi katika shule moja ya binafsi wilayani Ngara, na huko ndiko nilikokutana na Evarist. Alikuwa wakala wa mabasi pale Kabanga, mpakani na Burundi, mtu mrefu, mwenye maneno machache, anayevaa sweta hata jua likiwaka. Alinikatia tiketi likizo kadhaa bila kuniambia neno zaidi ya namba ya kiti, mpaka siku moja akaniuliza kama ni lazima nisafiri. Nilicheka. Tukafunga ndoa kanisani, tukajenga nyumba yetu katika ua mmoja na mama yake, na Mungu akatujalia binti, Editha.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa. Katika ukoo wa Evarist, na kwa Wahangaza wenzake wengi wa umri wa mama yake, kinywaji hakitolewi hivi hivi. Anayetoa huonja kwanza mbele ya macho ya anayepewa, ndipo amkabidhi kwa mikono miwili. Mgeni huonjewa na mwenyeji wake. Na baba mwenye nyumba huonjewa na mkewe. Si dada yake, si jirani, si msichana wa kazi. Hao humwekea tu kwenye kigoda, akajinywea mwenyewe.

Siku ya harusi yangu, keki na maua vilipokwisha, mama mkwe aliniita uani. Alinipa kikombe cheupe cha bati chenye mdomo wa bluu, kimejaa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akaniambia, "Mwarimu, onja, umpe mumeo." Nikaonja, nikampa. Wazee walishangilia kuliko walivyoshangilia kanisani! Kikombe kile kikawa changu, nikakitundika jikoni kwenye msumari wake, na kila Jumapili mchana nilikishusha.

Niseme ukweli, mimi niliona ni mambo mazuri ya wazee, basi. Kwetu Nyarubungo baba alijimiminia mwenyewe na hakuna aliyeshangaa. Nilionja na kumpa Evarist jinsi mtu anavyoitikia salamu, bila kufikiri.

Editha alipokuwa na miaka minne, shule yetu ilipunguza walimu, nami nikiwamo. Nilikaa nyumbani muda mrefu, nikizunguka na vyeti, mpaka mwenzangu niliyesoma naye chuo akaniambia kwamba anafundisha watoto wadogo katika mji wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, na shule yao inatafuta mwalimu mwingine. Thailand! Nilimtazama Evarist nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema niende miaka miwili, nirudi. Mama mkwe naye alikubali, ingawa aliuliza mara nyingi kama huko kuna kanisa.

Aliyenipa moyo kuliko wote alikuwa Devota. Huyu alikuwa jirani yetu, fundi cherehani, mjane asiye na mtoto, rafiki yangu wa kuchuna naye mboga na kusukana naye nywele. Sare za Editha alizishona yeye. Tulikubaliana kwamba atamchukua mtoto shuleni, atampikia, atamlaza mchana. Nani angemtilia shaka Devota? Nilimwachia ufunguo wa nyumba yangu kama ambavyo ningemwachia mdogo wangu wa tumbo moja.

Siku ya kuniaga, ua ulijaa watu. Wazee walikaa kwenye benchi, Evarist katikati yao. Mimi nilikuwa nimeshashika kile kikombe nimpelekee, mara simu yangu ikaita, ni yule mwenzangu wa Thailand, anataka kunieleza nitakavyopokelewa uwanja wa ndege. Niligeuka, Devota alikuwa ubavuni pangu. Nikamwambia, "Nishikie, mwonjee shemeji yako, nakuja."

Devota alisita. Alimtazama mama mkwe. Wazee walinyamaza, nami nikaona kunyamaza kwao ni ushamba. Nilicheka, nikamsukumia kikombe mkononi nikasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Ni kikombe tu jamani!"

Akaonja. Akampa. Evarist akapokea. Mimi nilikuwa nimeshawapa mgongo, naongea na simu.

* * *

Miezi ya kwanza Chiang Mai nililia sana. Nilifundisha watoto nyimbo za wanyama mchana kutwa, jioni nikajifungia chumbani kwangu, nikala wali kwenye kifuko, nikalala. Ni mwalimu mwenzangu Mfilipino, Marisel, aliyenigongea mlango na kuniambia kwamba mji huu huishi baada ya jua kuzama, na kwamba mimi nitakufa kwa upweke bila kuuona.

Wasomaji, mimi ni mtu niliyezoea jioni ya kuchambua maharage na kufunga kuku! Kwetu giza likiingia, baridi ya milimani nayo inaingia, kila mtu ndani. Kule giza lilipoingia ndipo watu walipotoka. Barabara nzima hufungwa magari yasipite, taa za karatasi zinawaka rangi zote, wauzaji wanatandika vitu vyao chini... miavuli iliyochorwa maua, mishumaa, viatu, picha. Moshi wa nyama za kuchoma huku, maembe na wali mtamu kule. Katikati ya barabara walikaa wapiga muziki vipofu wamepangana mstari mmoja, mmoja ngoma, mmoja gitaa, watu wanawapita kulia na kushoto kwa adabu. Bustanini wamama wa umri wa mama yangu waliruka mazoezi kwa muziki mkubwa, bila haya, bila ndoo ya maji kichwani, bila mtu kuwauliza watoto wamekula nini!

Nilisimama nikawatazama wale wamama mpaka Marisel akanivuta. Sikujua kama mtu mzima anaruhusiwa kufurahi namna ile kila siku.

Marisel aliimba katika hoteli moja ya kando ya mto. Ijumaa moja aliniita jukwaani. Nilikataa, akanivuta mkono, nami nikacheza kwa namna ya kwetu, mabega na miguu, kitenge kiunoni. Wageni wa mataifa yote walipiga makofi. Nilirudi kwenye kiti jasho linanitoka, nacheka kama msichana. Sitasema uongo, nilifurahi. Mpaka leo siombi msamaha kwa kufurahi.

Na kwa kuwa nilifurahi, nilitaka na wa nyumbani wafurahi. Hapo ndipo mambo ya simu yalipoanza.

Saa za nyumbani ziko nyuma ya saa za Chiang Mai... yaani nikiwa mimi kwenye jioni yenye taa, Kabanga bado ni mchana wa jua kali. Nilipiga simu ya video, Evarist akaegemeza simu yake kwenye kopo juu ya kigoda pale uani, na watu wakajaa. Mwanzo walikuwa watu wa nyumbani tu, baadaye majirani, baadaye hata watu waliotoka kanisani walipitia kwetu Jumapili kuangalia Thailand. Niligeuza kamera ya nyuma, nikatembea nayo polepole, nikiwaeleza huku na kule. Nilipoonyesha sinia la wadudu waliokaangwa, jirani mmoja Mhaya aliruka kutoka kwenye benchi akipiga kelele, "Senene! Hao ni senene!" na ua mzima ukaangua kicheko. Mama mkwe aliuliza kama watu hao hawana kwao, mbona hawaendi kulala. Nilicheka mpaka simu ikatikisika.

Ilikuwa furaha yangu kubwa. Wiki nzima nilifikiri Jumapili nitawaonyesha nini. Walitaka kuona ngoma, niliwatafutia ngoma. Walitaka kuona mtumbwi wenye taa, niliwatafutia mtumbwi. Nilikuwa kama mtangazaji! Na mtangazaji huangalia anachokitangaza, haangalii wanaomsikiliza.

Maana dalili zilikuwepo... Editha alianza kuchelewa kuja kwenye simu, na akija alitazama taa kidogo kisha akakimbia. Siku moja niliona pazia la sebuleni limebadilishwa, nikadhani ni mama mkwe. Siku nyingine nilimwuliza Evarist mbona Devota simwoni siku hizi akija kuangalia na wengine, akasema ana kazi nyingi za kushona. Nikaamini. Nikasema msalimie, nikageuza kamera kwenye taa.

* * *

Jumapili ile nilipiga simu mapema kuliko kawaida, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameomba kuona wale wapiga muziki vipofu kabla umati haujawaziba. Nilisogea karibu nao. Uani Kabanga watu walikuwa wengi, nawasikia wakiulizana.

Sasa kule Thailand kuna desturi moja. Saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa hupigwa kwenye spika, na pale sokoni kila mtu husimama alipo. Muuzaji anaacha chenji mkononi, mtoto anaacha kulamba barafu, mtaa mzima unakuwa kimya na watu wametulia tuli. Hata mgeni husimama. Nami nilisimama, mkono ukiwa chini kidogo, simu ikiwaelekea wale vipofu ambao nao walikuwa wametulia. Hakuna aliyesogea.

Na huko uani, watu walidhani picha imekwama.

Wimbo wenyewe uliwafikia kama mkwaruzo tu. Nilimsikia mtu akisema, "Mtandao umeshaganda." Mwingine akasema ni kawaida ya hapa mpakani, simu haijui iko Tanzania au Burundi. Wakaniacha. Wakageukiana wao kwa wao, wakaendelea na Jumapili yao kana kwamba mimi sipo. Na mimi kwa kuwa sikuruhusiwa kutembea wala kusema, kwa mara ya kwanza nilitazama kioo cha simu yangu badala ya taa.

Nikamwona Devota akitoka jikoni kwangu. Alikuwa amevaa kitenge changu cha majani ya kijani. Mkononi alishika kikombe cheupe chenye mdomo wa bluu.

Alipita mbele ya wazee, hakuna aliyeshangaa. Alisimama mbele ya Evarist, akapiga goti kidogo, akaonja. Akampa kwa mikono miwili. Evarist akapokea bila kumtazama, namna mume anavyopokea kitu anachopewa kila siku. Na Editha wangu alikuwa ameshika pindo la kile kitenge.

Nani aliniambia maana yake? Hakuna. Hakukuwa na haja! Kama ningewaona wamekaa pamoja, ningesema ni ujirani. Kama ningemwona anampakulia chakula, ningesema ni wema. Lakini kuonja... Na lililoniumiza zaidi ni wazee wale kuendelea kuongea. Hakuna hata mmoja aliyenyamaza, kama walivyonyamaza siku ya kuniaga. Kwao lilikuwa jambo la zamani.

Wimbo uliisha. Watu wote mtaani wakaanza kutembea kwa pamoja, mimi nikabaki nimesimama, wananipita. Mama mkwe aliinua uso akaona picha imeanza kucheza tena, akapiga kelele, na nikamwona Devota akirudi jikoni haraka, ameinama. Aliinama ili kamera isimfikie! Ndipo nilipojua kwamba alikuwa akiinama hivyo Jumapili zote.

Marisel alinishika bega, akaniuliza kama ninaumwa. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza. Ni kikombe, nilimwambia. Alitazama huku na huku akidhani nimeangusha kikombe.

* * *

Nilimpigia Evarist kesho yake, akiwa kazini. Nilisikia makondakta wakiita abiria nyuma yake. Kisha akasema maneno yangu mwenyewe, "Ni kikombe tu."

Nilimpigia mama mkwe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, nami nikamwuliza moja kwa moja. Hakukana. Alisema, "Mwarimu, wewe mwenyewe ulimpa mbele yetu. Tulinyamaza ukatucheka. Tungefanyaje?"

Nilikata simu. Ningemjibu nini? Kwamba sikumaanisha? Kwamba mtu hawezi kutoa ndoa yake kwa kuwahi simu inayoita? Nilijua, na naye alijua, kwamba kikombe peke yake hakimwingizi mwanamke chumbani. Evarist aliingia kwa miguu yake mwenyewe, na Devota vivyo hivyo. Lakini walikuwa wametafuta pa kusimamia, na mimi niliwapa.

Nilivunja mkataba wangu. Marisel alinisindikiza uwanja wa ndege akilia kuliko mimi. Nilisafiri kwa ndege mpaka Dar es Salaam, kisha Mwanza, kisha basi... nikaipita Biharamulo yetu kupitia dirishani bila kushuka, ingawa kila kitu ndani yangu kilisema shuka, nenda kwenu. Nilitaka kufika nyumbani kwangu. Njia nzima nilijiambia kwamba nikisimama tu mlangoni, mwenye nyumba amerudi, kila mtu atakumbuka nafasi yake.

Evarist alikuwa kwenye dirisha la tiketi. Aliniona nashuka, akamaliza kumkatia mtu tiketi, akafunga dirisha, akabeba sanduku langu. "Umefika," alisema. Tulitembea mpaka nyumbani.

Devota alikuwa uani. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshatangulia mbele yake. Tulitazamana... Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, niliyapanga tangu Bangkok, tusi kwa tusi! Yeye aliniletea kiti. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cheupe chenye mdomo wa bluu, kimejaa togwa. Akasimama mbele yangu, akaonja, akanipa kwa mikono miwili.

Mgeni huonjewa na mwenyeji wake. Nimeshawaeleza.

Sidhani kama alikusudia kuniumiza. Nimelifikiria sana jambo hilo, na naona alifanya tu kile ambacho mikono yake ilikuwa imezoea kufanya mgeni akiingia. Na hilo ndilo lililonimaliza. Matusi yote yalipotea. Nilipokea kikombe changu mwenyewe, nikanywa. Ningefanya nini? Nilikuwa na kiu, nimetoka mbali.

Editha alitoka shuleni akanikuta nimekaa pale. Alikuwa amerefuka, meno ya mbele yameng'oka. Alijificha nyuma ya Devota, akachungulia, kisha akasema kwa furaha, kama mtu aliyekumbuka jina, "Huyu ni mama wa kwenye simu!"

Watu wazima wote tuliangalia chini. Mtoto hakuelewa amekosea nini.

* * *

Wazee walikaa kikao siku iliyofuata. Nilidhani nitasikilizwa mimi niliyekosewa. Kumbe nilikuwa nimewapelekea ushahidi kwa mkono wangu kila Jumapili! Mzee mmoja, baba mdogo wa Evarist, alisema kila mtu ameona kwa macho yake jinsi nilivyokuwa nikistarehe. Mwingine akataja ngoma ya jukwaani, ambayo mimi mwenyewe niliwatumia video yake. Mwingine akasema hajawahi kuniona hata siku moja ninafanya kazi, siku zote niko kwenye muziki na taa. Ni kweli hawakuwahi kuniona kazini, nani angependa kuangalia mwalimu akifuta watoto makamasi? Wale wale waliocheka senene, wale wale walioomba mtumbwi wenye taa... walikaa kwenye benchi lile lile wakanihukumu kwa vitu walivyoniomba niwaonyeshe.

Niliwauliza swali moja tu. Niliwauliza ni nani kati yao aliyefikiria kuniambia. Yule jirani Mhaya, mtu wa watu, alijikohoza akasema, "Mama Editha, ulikuwa unafurahi. Nani angekuharibia?"

Evarist hakuniambia niondoke. Hakuniambia nibaki pia. Alisema nyumba ni kubwa. Alisema Devota ana mtoto tumboni na hawezi kumtupa, na mimi ni mke wa kanisani na hawezi kunifukuza, kwa hiyo nichague mwenyewe. Nilimtazama mtu yule mrefu kwenye sweta lake, nikaona kwamba hata sasa ananikatia tiketi, ananiuliza tu nataka kiti gani.

Nilikaa usiku mmoja zaidi katika chumba cha mama mkwe. Asubuhi nilipanda basi kurudi Biharamulo. Editha alinipungia mkono kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwapungia wageni. Sikuchukua kikombe. Mama mkwe alikuwa amekifunga kwenye gazeti akitaka kunipa, machozi yanamtoka, akisema ni changu. Nilimwambia akirudishe kwenye msumari wake. Ningemwonjea nani?

Tangu hapo nimepanga chumba na sebule hapa mjini. Nafundisha watoto masomo ya ziada, na wazazi wakijua nilifika Thailand huniletea maswali mengi. Huwa nawajibu kwa kifupi. Cheti cha ndoa kipo ndani ya sanduku. Watu wananiambia niende mahakamani, padri ananiambia nisubiri, mama yangu wa Nyarubungo ananiambia nile. Wote wana haki. Nachoka kabla sijaanza.

Mwezi uliopita Evarist alimleta Editha. Devota alikuwa amejifungua, mtoto analia sana, na Editha alikuwa amegoma kula. Alishuka kwenye basi na kimfuko chake, akanipa shikamoo. Evarist alisema akae mpaka atakapopenda. Hakuingia ndani, basi la kurudi lilikuwa linaunguruma.

Siku za kwanza mtoto hakugusa chochote. Nilimpa uji, alitazama. Nilimpa maziwa, alitazama. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikaimba hata nyimbo za wanyama za watoto wa Chiang Mai! Mpaka akasema kwa sauti ndogo, "Hujaonja."

Nilikaa chini. Mtoto huyu alikuwa ameishi nyumba ambayo kila kinachotolewa huonjwa, na mkono usioonja ulikuwa kwake mkono wa mtu baki. Hakuwa amekataa maziwa. Alikuwa anasubiri.

Wasomaji wenzangu, sisemi msiende ugenini. Nendeni! Mkifika, tokeni jioni, mkacheze, mle, mfurahi, maana umri unakwisha. Lakini nawasihi, mnapopiga simu nyumbani, acheni kidogo kuonyesha. Geuzeni kamera iwatazame nyinyi, kisha waombeni wao wawaonyeshe. Ombeni mwone jikoni. Ombeni mwone mtoto kala nini na kakaa karibu na nani. Ulizeni kuhusu yule ambaye haonekani. Na ile kazi ndogo ambayo ni yenu peke yenu, ile mnayoifanya bila kufikiri, msimpe mwingine kwa kicheko hata kama simu inaita. Mimi nilidhani inaweza kusubiri mpaka nirudi, ikampata mwingine wa kuifanya.

Na nyinyi mnaobaki uani mkiangalia... mkiona jambo, semeni. Msimwache mwenzenu atangaze taa peke yake.

Naishia hapa. Editha ameamka, namsikia akijinyoosha kitandani, na maziwa yake yameshapoa vizuri. Naenda kumwonjea.